Bunge la Bundi Halikai Kalemie

Kuna orodha moja inazunguka kwenye magrupe yetu ya WhatsApp. Juu kuna picha ya ndege, chini kuna maandishi: je, ulijua kwamba kundi la bundi linaitwa bunge la bundi? Kwamba kundi la kunguru linaitwa mauaji ya kunguru? Kwamba kundi la chiriku linaitwa uchawi wa chiriku? Inaendelea hivyo mpaka mwisho, halafu inakuomba uitume kwa marafiki kumi wanaopenda Kiswahili. Mimi nimeipokea mara nne, na mara ya mwisho ilitoka kwa mtu mwenye lisansi ya lugha.

Ningecheka na kuiacha ipite. Kilichonizuia ni jibu la mwanafunzi mmoja wa hapa Kalemie. Aliandika: “Kumbe Kiswahili ni maskini hivi. Sisi tuko na kundi tu.” Na watu wakamwunga mkono, mmoja baada ya mwingine.

Hiyo njo sababu ya maandishi haya. Nataka tuisome orodha hii kama tunavyosoma kitabu darasani: imetoka wapi, inasema nini, na je, inasema kweli? Kisha tuangalie lile neno letu “kundi”, ambalo watu wanalionea haya, tuone kama kweli liko peke yake na kama kweli ni maskini.

Tuanze na asili. Orodha si ya Kiswahili. Ni ya Kiingereza, na sehemu yake kubwa inatoka katika kitabu kilichopigwa chapa huko Uingereza mwaka 1486, katika mji wa Saint Albans. Kitabu kile kilihusu mambo ya mabwana: kuwinda, kufuga vipanga wa kuwindia, na alama za ngao za koo kubwa. Ndani yake kulikuwa na orodha ya majina ya makundi. Bwana wa kweli alitakiwa kujua kwamba kundi la mnyama huyu linaitwa hivi na la ndege yule linaitwa vile. Asiyejua alionekana ametoka shambani. Kwa maneno mengine, ilikuwa lugha ya kutenga watu. Mkulima aliyeishi na kunguru kila siku hakuihitaji.

Tena orodha ile ilikuwa na mzaha tangu siku ya kwanza. Pamoja na kunguru na mabata, iliweka majina ya makundi ya watu. Masista, kwa mfano, walipewa neno lenye maana ya “kuzidi kiasi”. Huyo si mtu anayeandika kamusi, ni mtu anayetania. Halafu mwaka 1968 Mmarekani James Lipton akachapisha kitabu kilichoyafufua majina hayo na kuongeza mengine ya kubuni, na tangu hapo yamekuwa mchezo wa watu wanaopenda maneno. Na “bunge la bundi” lenyewe? Halimo katika orodha ya 1486. Limejulikana sana kupitia C. S. Lewis, aliyelitumia kama jina la sura katika riwaya yake ya watoto ya mwaka 1953, akicheza na shairi la zamani la Chaucer kuhusu bunge la ndege. Ni utani wa mwandishi mmoja juu ya mwandishi mwingine. Sisi tumeupokea kama sarufi.

Waingereza wenyewe wanapohesabu ndege hawatumii maneno haya. Mtaalamu wa ndege anaandika “kundi”, kisha anaandika namba. Kwa hiyo yule ndugu yetu anapolinganisha lugha mbili na kusema moja ni tajiri, analinganisha mchezo wa Waingereza na kazi ya Waswahili. Si haki. Tulinganishe kazi na kazi.

Sasa tuingie ndani ya orodha. Nitachukua vitatu tu.

“Uchawi wa chiriku.” Hapa mfasiri ameanguka kwenye shimo. Neno la Kiingereza linalotumika pale leo linafanana na neno la uchawi au mvuto, lakini katika matumizi haya linatoka kwenye neno la kale lililomaanisha sauti nyingi za ndege zinazochanganyika. Maana yake ilikuwa ni mlio. Mtu angetaka kulileta kwa Kiswahili kwa uaminifu angesema “kelele za chiriku” au “mlio wa chiriku”. Yeye akaandika “uchawi”. Na hapa kwetu, bandugu, uchawi si neno la kupamba. Kuna wazee na watoto wamefukuzwa nyumbani kwa ajili ya neno hilo.

“Mauaji ya kunguru.” Kwanza sarufi. Kwa Kiswahili “mauaji ya” kitu ni kitendo cha kukiua kitu hicho: mauaji ya tembo ni tembo kuuawa. Kwa hiyo msomaji wa Dar es Salaam akiona “mauaji ya kunguru” atafikiri ni habari ya serikali, maana kule wamekuwa na kampeni za kupunguza kunguru wa kutoka India kwa mitego na sumu. Hataona kundi lolote, ataona mizoga. Pili, tabia. Waingereza wa zamani walimhusisha kunguru na kifo, na jina lao likafuata hofu hiyo. Waswahili walimwona kunguru tofauti. Methali yetu inasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Kunguru wetu ni mwoga mwenye akili, anayejua kuondoka mapema. Kumwita muuaji ni kumvika koti la mtu mwingine.

Tatu, na hili kwangu ndilo zito. Tuko katika jimbo la Tanganyika. Mwaka 2017 kambi za wakimbizi wa ndani zilizunguka mji huu, watu wamekimbia vita kati ya Batwa na Baluba. Neno “mauaji” tunalisikia redioni likiwa na jina la kijiji nyuma yake. Mtu anayeliweka kwenye picha ya ndege na alama ya kucheka amesahau anaandika kutoka wapi, na kwa nani.

“Bunge la bundi.” Kwa mtoto wa Ulaya, bundi ni ndege wa hekima, anavaa miwani kwenye vitabu vya picha. Kwa hiyo bundi wengi pamoja ni wazee wenye busara wakijadiliana. Kwetu bundi akilia juu ya nyumba usiku, mama anatoka na kijinga cha moto kumfukuza. Ni ndege wa habari mbaya. Sasa mwambie mama huyo kwamba kuna bunge zima la bundi juu ya mwembe. Hataelewa hekima, ataelewa kikao cha wachawi. Maneno mawili ya Kiswahili safi kabisa, na maana iliyofika ni kinyume cha ile iliyotumwa. Huko ndiko kutafsiri bila kutazama.

Mtu atasema: basi orodha ya Kiingereza tuitupe, tushike ile ya shule. Hapa pia nina maneno.

Vitabu vya Kiswahili vya sanifu vina somo linaloitwa nomino za makundi. Vitabu vya Kenya vilivyowaandaa watoto kwa mtihani wa KCPE, uliofanywa kuanzia mwaka 1985 mpaka 2023, vina kurasa nzima za namna hiyo, na siku hizi kurasa hizo zinafika Kalemie kwenye simu. Thurea ya nyota. Bumba la nyuki. Mkungu wa ndizi. Mtungo wa samaki. Tita la kuni. Robota la pamba. Genge la wezi. Halaiki ya watu. Mwanafunzi anakariri, anajibu, anapata pointi.

Maneno haya ni mazuri na ni yetu. Lawama yangu iko kwenye namna ya kuyafundisha. Yamewekwa kwenye mfuko mmoja kana kwamba yote yanafanya kazi moja, na swali daima ni lile lile: kundi la kitu fulani linaitwaje? Kama vile kila kitu duniani kina jina moja la siri la kundi lake, na kazi ya mwanafunzi ni kulijua. Hiyo ni akili ya mabwana wa 1486 imerudi kwa mlango wa nyuma. Kisha mtoto anatafuta ndege kwenye orodha, anakuta “kundi la ndege”, anafikiri hapo wamesahau kujaza. Shimo hilo ndilo ambalo orodha ya WhatsApp inakuja kuliziba.

Lakini tuangalie maneno yenyewe, tuone yanafanya nini. Nenda sokoni. Nyanya zinauzwa kwa fungu. Ndizi ziko kwa mkungu, na ukitaka kidogo unakata chane. Kuni ziko kwa tita. Makala, haya ya kupikia, si ya kusoma, yako kwa gunia. Ndakala ziko kwa beseni, na samaki wakubwa wanatungwa kwenye kamba, ndiyo mtungo. Kila neno linakuambia mkono umefanya nini: umepanga, umekata, umefunga, umetia, umetunga. Nomino nyingi za makundi katika Kiswahili ni nomino za kazi na za bei. Kitu kinapata jina la kundi pale binadamu anapokishika kwa namna fulani, anapokibeba, anapokihesabu au anapokiuza.

Hata “thurea” ni hivyo hivyo ukiichimba. Ni neno la Kiarabu, na lilikuwa jina la kundi moja tu la nyota angani. Nyota hizo hizo Waswahili waliziita kilimia, kwa sababu kuonekana kwake kuliwaambia watu wakati wa kulima. Mtoto wa shule anajua thurea kwa ajili ya mtihani. Babu yake alijua kilimia kwa ajili ya jembe. Niambie wewe ni neno gani kati ya hayo mawili lilikuwa tajiri.

Sasa rudi kwa ndege ukiwa na ufunguo huu. Ndege wa porini hatuwashiki. Hawana mkungu wala tita. Kwa hiyo wanaitwa kundi, na inatosha. Lakini ndege akishashikwa, angalia lugha inavyoamka. Kuku wanaosafiri kwa mtumbwi kutoka vijiji vya kando ya ziwa wanakuja kwa tenga: tenga la kuku. Njiwa wa kufugwa wanahesabiwa kwa jozi, maana dume na jike ndio mwanzo wa kila kitu. Na kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wakati wa biashara kubwa aliingia kwenye masanduku, na watu wakasema sanduku la kasuku. Biashara ya kimataifa ya kasuku huyo wa porini ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa nchi za mkataba wa CITES huko Johannesburg mwaka 2016. Mtu akisikia “sanduku la kasuku” leo, neno la kundi peke yake limeshamwambia kosa limefanyika. Hakuna bunge wala uchawi wenye nguvu hiyo.

Kuna kitu cha pili ambacho orodha haiwezi kukiona, kwa sababu yenyewe inatafuta nomino tu. Kiswahili kinabeba wingi ndani ya kitenzi. Simama ufuoni wakati wa jioni, usikilize watu. Hawasemi “tazama kundi la yangeyange”. Wanasema yangeyange wametanda. Wamejaa mtini. Wanaruka makundi makundi. Mnandi wamejipanga juu ya mawe. Kunguru wamevamia jalala. Mwewe wanazunguka. Kila kitenzi ni picha ya kundi: kutanda ni kufunika nafasi, kujipanga ni mstari, kuvamia ni kuja kwa nguvu wote pamoja, kuzunguka ni duara la juu. Kiingereza cha mabwana kiliwapa ndege nomino nyingi. Sisi tumewapa vitenzi. Yule anayehesabu nomino tu na kusema hakuna kitu, ni kama mtu aliyeingia jikoni, akaangalia sahani, akasema nyumba hii haina chakula, wakati sufuria iko motoni.

Lakini tusijisifu bure. Ukitaka kulitumia neno “kundi” vizuri, kuna mambo ya kujua, na wengi wetu tuliomaliza masomo tunayapita haraka. Nitayaweka wazi, maana ukosoaji bila msaada ni kelele.

La kwanza ni upatanisho. “Kundi” liko katika ngeli ya li-ya. Kwa hiyo: kundi la ndege limetua, makundi ya ndege yametua. Kitenzi kinafuata kundi, hakifuati ndege. Mtaani tunasema “kundi ya bandege imetua” au “bandege banatua”, na mtaani hakuna aliyepotea. Mimi sicheki lugha ya mtaani, ndiyo iliyonilea. Lakini kwenye memwari, kwenye kitabu cha shule, au barua inayovuka ziwa kwenda Kigoma, andika li- na ya-.

La pili ni mahali pa sifa. “Kundi kubwa la ndege” ni ndege wengi. “Kundi la ndege wakubwa” ni ndege wenye miili mikubwa, hata kama ni watano. Watu wanaandika “kundi la ndege kubwa” na kumwachia msomaji achague. Sifa ya kundi ikae karibu na kundi, sifa ya ndege ikae karibu na ndege.

La tatu ni letu sisi wenye kiwanja cha ndege hapa mjini. Neno “ndege” ni mnyama, na pia ni chombo. Kinachotofautisha ni upatanisho: ndege wametua, ni wale wa manyoya, ndege zimetua, ni zile za injini. Ukiweka “kundi” mbele, tofauti hiyo inafichwa: kundi la ndege limepita juu ya mji. Ni yangeyange au ni vita? Katika nchi kama yetu swali hilo si la mzaha. Dawa ni kuongeza neno moja linaloonyesha: kundi la ndege weupe, kwa wenye uhai, kundi la ndege nyeupe, kwa vyombo. Au taja jina: kundi la mwari, kundi la korongo. Jina la ndege ni bora kuliko jina la ajabu la kundi lake. Anayeweza kutofautisha mdiria na furukombe anajua ziwa hili kuliko anayejua mabunge mia ya bundi.

La nne ni kuendelea na hadithi. Ukishataja kundi, sentensi inayofuata inaweza kurudi kwa ndege wenyewe: kundi la kwarara lilitua kwenye tope, wakaanza kuchokoa kwa midomo yao. Lilitua ni kundi kama kitu kimoja. Wakaanza ni ndege mmoja mmoja. Hilo si kosa, ni uzuri wa lugha. Kutua wanatua pamoja, lakini kila mmoja anakula kwa mdomo wake.

La tano ni ukubwa. Kikundi ni wachache. Kundi ni la kawaida. Wingu ni pale wanapofunika anga. Neno “wingu” lisitumike ovyo, maana lina kazi nzito, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Mwezi wa Februari 2020 nzige wa jangwani walionekana Ituri, kando ya Ziwa Albert. FAO ilisema ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1944 kwa nchi yetu kuwapata. Wanaopambana na nzige wana maneno mawili ambayo hawayachanganyi. Nzige wachanga wasioweza kuruka, tunutu, wanatembea ardhini kwa makundi. Wakiota mabawa wanaondoka kwa wingu. Kundi la tunutu unaweza kulikabili shambani, liko chini ya miguu yako. Wingu la nzige linaenda na upepo, na kesho liko wilaya nyingine. Ukiandika “wingu” mahali pa “kundi”, umebadilisha hatari, dawa, na mahali pa kupeleka watu. Hiyo ndiyo nomino ya kundi yenye faida: inakuambia la kufanya.

Kwa ndege ni vile vile. Kwelea kwelea, ndege wadogo wanaokula nafaka, wanaogopwa na wakulima wa mpunga na mtama Tanzania na Kenya. Ndege mmoja anakula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku. Si kitu. Lakini wakiwa milioni moja, hesabu yake ni tani 10 kwa siku. Ndiyo maana Tanzania imekuwa ikituma ndege, zile za injini, kunyunyizia dawa ndege, wale wa manyoya. Mkulima anayepiga simu na kusema “kikundi cha kwelea” na yule anayesema “wingu la kwelea” hawaombi msaada ule ule.

Na tusisahau kuku. Wengi wetu tutaishia kuandika ripoti, za mashirika, za afya, za kilimo. Ugonjwa wa Newcastle, ambao Watanzania wanauita kideri au mdondo, unaweza kumaliza kuku wa kijiji kwa siku chache. Ukiandika “kundi la kuku limekufa”, mkubwa wako anayesoma ofisini hajui kama ni kuku wa mama mmoja au wa kijiji kizima. Hapo “kundi” ni pazia. Andika kuku 40 wa nyumba tatu. Neno la kundi linafaa pale ambapo namba haiwezekani. Pale ambapo namba iko, toa namba.

Kuna kitu kingine juu ya “kundi” ambacho hapa kwetu hatuwezi kukikwepa. Redioni, neno hili mara nyingi linakuja na silaha: makundi yenye silaha. Mtoto wa Kalemie analisikia “kundi” kwanza likiwa na bunduki, ndipo baadaye analikuta kwenye kitabu likiwa na ndege au mbuzi. Mimi sipendi tuliachie neno hilo upande wa bunduki. Lilikuwa la wachungaji na wavuvi kabla ya kuwa la wapiganaji. Kila mara mwalimu anaposema kundi la njiwa, kundi la kanga, kundi la bata, analirudisha nyumbani. Hiyo pia ni sababu ya kutolionea haya.

Sasa, nasikia pingamizi, na ni pingamizi la haki. Mtu anasema: lugha inakua kwa kuazima na kubuni. Ukikataza bunge la bundi, unakataza mchezo, na lugha bila mchezo inakufa. Nakubali nusu. Kubuni ni haki yetu. Lakini aliyetafsiri orodha ile hakubuni kitu, alikopi. Kubuni ni kutoka nje, kutazama ndege, na kuchukua neno ambalo tayari linaishi mdomoni mwa watu.

Nitajaribu mimi mwenyewe, na mnihukumu. Mbayuwayu wanapokaa kwenye waya wa umeme, mmoja baada ya mwingine, wanafanana na samaki kwenye kamba au shanga kwenye uzi. Basi: mtungo wa mbayuwayu. Mama muuza samaki ataelewa bila kuelezwa. Mwari wakipita juu ya maji wamefuatana, mbele na nyuma: msafara wa mwari. Sidai kwamba haya yako kwenye kamusi. Hayako, na sitamwekea mtoto mtihani juu yake. Ni picha. Picha nzuri inaeleweka mara ya kwanza. Mbaya inahitaji orodha na maelezo chini yake.

Kipimo changu basi ni kimoja: mpelekee neno hilo mtu anayeishi na ndege hao. Mvuvi, mama wa kuku, kijana anayelinda mpunga. Akiliona jambo kabla hujamaliza kueleza, neno limepita. Akikuuliza “unamaanisha nini?”, rudi nalo nyumbani.

Kwa nini ninakazana hivi juu ya ndege? Kwa sababu Kiswahili si tena kitu cha nyumbani tu. Katiba yetu ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inataka lugha za taifa na lugha za mazingira zitumike kufundishia. Mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, na mwaka 2022 nchi yetu ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vitabu vya shule vitaandikwa, na vitaandikwa na watu kama sisi tunaosoma ukurasa huu. Tukiwapa watoto orodha ya mabwana wa Uingereza iliyovaa nguo za Kiswahili, watajifunza mambo mawili: kwamba ndege wa ziwa lao hawana jina mpaka mgeni awape, na kwamba akili ni kukariri. Tukiwapa mkungu, tenga, mtungo, wingu na kundi, pamoja na sababu ya kila neno, watajifunza kutazama.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeandika kwamba Kiswahili ni maskini, sikukasirikii. Ninakuomba kazi moja tu. Jumamosi asubuhi shuka bandarini au kwenye mdomo wa Lukuga, kaa saa moja, andika ndege unaowaona: majina yao kwanza, idadi yao, halafu kitenzi cha kila kundi. Waulize wavuvi majina usiyoyajua. Ukurasa wako ukijaa, ulinganishe na ile orodha, uone ni upi una habari.